Ziwa Nililolipaka Rangi

Katikati ya miaka ya themanini nilikuwa mchora ramani katika ofisi moja ya maji, Mombasa. Kazi yangu ilikuwa kukaa mezani na picha zilizopigwa na setilaiti, nikipaka buluu kila palipoonekana maji. Katika picha zile maji huwa meusi. Na kijiji ambacho ramani ilikipa ziwa hakikuchimbiwa kisima. Siku moja ikaja barua kutoka kijiji kimoja nyuma ya mji wa Marafa: "Twasikia tuna ziwa. Tafadhali njooni mtuonyeshe." Ofisini tulicheka. Nikatumwa kuhakiki, nami niliondoka nikiamini kuwa waongo ni wao.

Saa moja asubuhi nilitoka Malindi na Omari, dereva wetu. Tulipofika Ganda tulisimama mahali ambapo picha ilionyesha kichaka. Palikuwa na bwawa, limefunikwa na mayungiyungi ukingo hadi ukingo, na wanawake wakifua.

"Kichaka chako hicho, bwana," Omari akasema. "Vua viatu, usije ukalowa."

Nilicheka, lakini wasiwasi ulikwisha kuniingia.

Adhuhuri, baada ya kuipita Marafa na kula vumbi la kutosha, tulifika kijijini. Mama Kadzo, aliyetia dole gumba kwenye ile barua, ndiye aliyetupokea.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Lete mikono."

Alininawisha kwa kata, maji ya rangi ya chai, kidogo kidogo. Alikuwa ametoka alfajiri kuyafuata mtoni, na ndiyo kwanza amerudi. Kisha akatupeleka kwenye ziwa langu.

Lilikuwa shamba. Mabua makavu ya mahindi, na visiki vyeusi katikati yake.

"Hapa mlichoma moto?" nikauliza.

"Mwaka juzi, kabla ya masika. Twafyeka pamoja nyumba zote, twachoma siku moja. Ndiyo desturi yetu."

Nikaitoa picha, nikaitazama tarehe yake: mwaka juzi, kabla ya masika. Ardhi iliyoungua, ikitazamwa kutoka juu, ni nyeusi vilevile kama maji. Nikamweleza. Akaitazama, kisha akanirudishia.

"Kwa hivyo twanyimwa maji kwa sababu tulilima?"

Niliona haya, na njia nzima ya kurudi Omari hakunitania tena.

Kesho yake, Mombasa, mkubwa wangu aliisoma ripoti yangu akiwa amesimama.

"Kazi nzuri. Lakini ramani imeshachapishwa na orodha ya visima imeshatiwa sahihi. Tutasahihisha katika ramani ijayo."

"Na wale watu?"

"Waandikie wasubiri."

Barua hiyo niliiandika mimi, na sijawahi kuuchukia mwandiko wangu kama siku ile. Wahenga walisema mwenye macho haambiwi tazama. Mimi niliambiwa, tena kwa barua, nikacheka. Picha haikumdanganya mtu. Ilionyesha weusi tu. Buluu niliitia mimi, bila kumuuliza yeyote anayeishi pale.

Ramani ile ilitundikwa ukutani, mbele ya meza yangu. Wageni walilisifu ziwa lile kwa jinsi lilivyopakwa vizuri. Maji niliyoyaona mimi kule ni yale tu ya Mama Kadzo, nami niliyamwaga chini nikinawa.