Ingobyi ya Mama Neema

Nakiri mwenyewe kabla wanakwaya wenzangu hawajawasimulia.

Mke wangu, Mama Neema, aliumwa tumbo la chini miaka mitatu bila mtu kujua sababu. Daktari alitueleza vizuri: "Tutatoboa matundu matatu madogo, tuingize kamera, tuone kwenye maumivu inatokea." Mimi nilisikia operesheni tu, masikio yakaziba. Marehemu mama yangu alipopasuliwa, alirudi kijijini kwetu Gashonga amebebwa kwenye ingobyi, machela yetu ya kusuka, na hakuinuka mwezi mzima.

Basi Mama Neema alipoingizwa chumba cha upasuaji hospitalini, mimi, gardimaladi wake, niliyepaswa kukaa pale nimhudumie, nikapanda pikipiki kwenda kuita wanaume wanane wa kwaya. Kesho yake tukateremka na ingobyi mabegani, nikiwaonya njia nzima: "Musimuchekeshe, nyuzi zitakatika!"

Kufika hospitalini, Mama Neema huyo anashuka ngazi kwa miguu yake, polepole, mkono tumboni, anatabasamu.

"Wameona kwenye inatokea, Papa Neema. Dawa iko."

Machozi yakanitoka. Nikamkimbilia nimshike, sikuona mbele, nikajikwaa kwenye ingobyi yetu wenyewe. Kifundo cha mguu kikateguka.

Getini mlinzi akatusimamisha. "Mugonjwa ni nani?"

Mama Neema, viatu vyangu mkononi, akaninyooshea kidole mle ndani ya ingobyi.

"Ni huyu. Miye ni gardimaladi yake."