Shavu la Kushoto la Fundi Viatu

Fundi viatu wa mtaa wetu alikuwa na mfuko mmoja ambao Muumba hakukusudia uwe mfuko: shavu lake la kushoto. Humo aliweka misumari midogo ya soli, akiisukuma kwa ulimi mmoja mmoja hadi midomoni, nyundo ikiwa tayari. Aliongea na wateja hivyo hivyo, nao walishazoea kujibu maswali waliyoyasikia nusu.

Doa jeupe lilipotokea ndani ya shavu hilo, mtaa haukumpa shida ya kwenda hospitali. Kinyozi alisema ni fangasi. Muuza dawa alimpa maji ya kusukutua. Shemeji yake, ambaye alisoma mpaka pale alipochoka, alisema ni joto la mwili. Fundi akasukutua, akakaa kivulini, akaendelea na misumari yake. Doa nalo likaendelea na lake.

Mkewe alikuwa na wasiwasi wa kimya, ambao ndio mbaya. Asubuhi moja alifunga kibanda mwenyewe na ufunguo akautia kwenye pochi.

"Baba watoto, ufunguo huu unakwenda kwa daktari wa meno. Ukiutaka, ufuate."

Akaufuata. Daktari alimlaza kwenye kiti, akamulika taa, akachungulia. Kisha akachukua kibanio, akatoa misumari miwili.

"Mzee, hii nini?"

"Aa, hiyo ya kazi. Nimesahau kuishusha."

"Ipo mingine?"

"Labda kule nyuma."

Muuguzi aligeukia ukutani, mabega yakimtikisika. Fundi yeye alifurahi kweli kweli.

"Basi si tumeshajua? Misumari ndiyo inakwaruza! Nikiiacha, litapona. Asante sana, daktari." Mguu mmoja ukawa umeshagusa sakafu.

Hoja ilikuwa nzuri. Kasoro yake ni moja tu: hakuna aliyekuwa ameithibitisha.

"Rudi, mzee," alisema daktari. Alilipangusa doa kwa kitambaa, halikutoka. "Fangasi wa kawaida angepanguka. Misumari huenda ikawa ndiyo sababu, na huenda ikawa kisingizio. Macho yangu yanaishia kwenye weupe. Kilicho chini yake wataniambia maabara."

"Na wakisema ni ile...?" Neno lenyewe hakulitamka.

"Wakisema, tutakuwa tumejua mapema."

"Kata, daktari," alisema mke. "Shavu analo la kutosha."

Ikapigwa ganzi, kikakatwa kinyama kama punje ya mchele, kikatiwa kwenye kichupa cha dawa, kidonda kikashonwa. Kwenye karatasi ya maabara daktari aliandika na habari za misumari. Mgonjwa aliomba kioo, akaukagua mshono kwa umakini wa mtu wa kazi.

"Uzi umeuvuta vizuri. Ila fundo lako..."

"Mzee, funga mdomo."

Siku za kusubiri majibu alizipitia bila kupiga nyundo. Alipanga viatu vya watu, akavipangua, akavipanga tena. Mkewe alimkuta amekishika kiatu kidogo cha mjukuu wao, hakishoni wala hakiweki chini. Akakaa naye.

Majibu yalipotoka, daktari aliwasomea taratibu. Haikuwa saratani. Lakini chini ya ule weupe seli zilikuwa zimeanza kubadilika, na zikiachwa zingeweza kufika huko. Misumari au la, doa lilipaswa kutoka lote. Likatolewa lote, likapelekwa tena maabara, na safari hii jibu likaja kwamba kingo zake ni safi, hakuna seli mbaya iliyobaki. Atakuwa anarudi kuchunguzwa, na anarudi.

Siku hizi misumari yake inakaa kwenye sumaku ya spika mbovu, aliyoifunga kwenye kifundo cha mkono. Wateja wanamsikia vizuri, na baadhi wamegundua kwamba miaka yote alikuwa akiwatania.

Uzi wa mwisho ulipotolewa alishuka hadi dirisha la maabara. Mama mmoja aliinua uso kutoka kwenye hadubini.

"Karatasi yako, baba?"

"Sina. Nimekuja kushukuru." Akataja jina lake. Mama akamtazama kwa adabu, kama mtu anayemtazama mgeni aliyekosea nyumba. Fundi akafikiri kidogo. "Mimi ni lile shavu la kushoto."

Uso wa mama ukachanua. "La misumari! Jamani, ingia ndani, nikuone na sehemu zilizobaki!"

Fundi aliingia, akavua kofia, akasema asante. Alilitamka wazi kabisa, kwa kuwa mdomoni hakuwa na kitu.