Somo la Hewa Ndani ya Chungu cha Nyanya

Eti badala ya chungu ningenunua kioo cha taa pale dukani Voi? Kila mtu ananiambia hivyo leo, hata wewe Mghoi rafiki yangu, lakini mwalimu wa shule ya Mboghoni angekipata wapi, na yule wa Chala je? Mimi nilitaka somo moja jepesi la sayansi, kila shule ya misheni ilifundishe vilevile kwa vitu vya nyumbani, na Bwana Padri alikuwa ameahidi likiwapendeza walimu wote basi hata wasichana watasomeshwa sayansi (darasani kwangu ni kushona tu, asubuhi kushona, mchana kushona, utadhani nchi nzima iko uchi). Aibu niliipata, sikatai, lakini si kwa sababu ya kioo.

Somo lenyewe: washa mshumaa, ufunike na chungu, hewa ikiisha moto unazima. Sasa chungu cha mama kilikuwa na maharagwe motoni, na mimi kungoja siwezi, nikapitia kwa nyanya yangu, hayupo, nikabeba kile cha nyuma ya mlango (cha nyuma ya mlango! akili yangu ilikuwa wapi?).

Ukumbini, mbele ya walimu, wazee wa kanisa na Padri, nikafunika, nikafunua, mshumaa umezima. Nikatabasamu.

"Umeuzima kwa upepo wa kuinua chungu," akasema mwalimu mkuu. "Chungu si kioo, sisi ndani hatukuona."

"Amini tu, Mwalimu."

"Kuamini ni Jumapili. Leo si ulisema ni sayansi?"

Watu wakacheka, nami nikapandwa na hasira, nikawasha tena, nikafunika tena, tena na tena, kumbe chungu kinapata moto, na kile kilichokuwa kimelowa kwenye udongo wake miaka yote kikaanza kutoka kidogo kidogo mpaka ukumbi mzima ukanuka.

Padri akainua pua, akanigeukia. "Mwalimu, hii harufu ni nini?"

"Ni... ni hewa, Bwana Padri."

"Hewa gani!" akaruka Mzee Mwakio, yule anayetuhubiria kila wiki kuhusu ulevi. "Hii ni pombe ya miwa ya nyanya yake! Ya mtu mwingine hainukii hivi!" Halafu akajisikia alichosema, akaanza kukohoa.

Walivyocheka, sitaki hata kuandika. Padri hakucheka. Akakata maneno: sayansi ni ya wavulana, wasichana waendelee na kushona. Na wa kwanza kusema "amina" alikuwa Mzee Mwakio huyo huyo! Nyanya naye hakunipa pole, alinigombeza kwa kukichoma chungu chake.

Sawa. Chungu cha mtu sibebi tena kabla ya kukinusa. Lakini kesho asubuhi, kwenye kushona, naweka beseni la maji mezani, kila msichana adondoshe sindano yake, halafu kijiti, aniambie kwa nini hii inazama na kile kinaelea. Padri akichungulia, tunaosha sindano.