Chupa Iliyorudi Nzito

Kazi yangu kwenye kliniki ya mtaa wa Ntinda ilikuwa kupima chupa za dawa. Tulikuwa tukitafiti kama kanabidioli, mafuta ya mmea wa bangi yasiyolevya, hupunguza wasiwasi kwa watu wenye baipola, ugonjwa wa hisia kupanda na kushuka kupita kiasi. Baadhi ya chupa zilikuwa na mafuta ya kawaida tu, na hakuna kati yetu aliyejua ni zipi. Mgonjwa alirudisha chupa kila baada ya wiki mbili, nami nikaiweka kwenye mizani. Ikirudi nzito, basi hakutumia dawa, na anaondolewa kwenye utafiti.

Mimi ni Mkenya. Waliniajiri kwa sababu ya Kiswahili changu, niwahoji wagonjwa Wakongo. Sikumwambia mtu kwamba nami nina baipola. Nilikuwa nikimeza vidonge vya lithiamu mwaka wa nne, dawa ya baipola inayotetemesha vidole, navyo vilikuwa vimenituliza mpaka sijui raha wala huzuni. Kilichobaki ni woga wa kugunduliwa na kufutwa kazi.

Aliyenigundua ni mama mmoja Mkongo wa Bukavu, aliyeuza vitenge akigonga mlango mmoja baada ya mwingine kwenye fleti za mtaa wa Bugolobi. Aliona vidole vyangu vikitetemeka juu ya mizani. Akanyoosha vyake mezani. Navyo vilitetemeka.

"Papa, na we unakunywaka ile kidonge?"

Nikatazama mlango kwanza. "Ndiyo, mama."

"Na woga?"

"Bado upo."

Akachukua chupa yake mpya na kuondoka.

Safari iliyofuata chupa yake ilirudi nusu. Nikamuuliza kama mafuta yamemchafua tumbo.

"Hapana. Inanisaidiaka sana. Sasa nagonga mlango ya watu, moyo haikimbii." Akaisukuma chupa upande wangu. "Ile nusu ni ya wewe."

Ningeweza kuandika uzito mwingine. Chumbani tulikuwa wawili tu. Nikaandika ule ule wa mizani. Kwenye nafasi ya sababu nikaandika kwamba alisahau, maana sababu ya kweli ingenitaja mimi.

Wiki iliyofuata nilimkabidhi barua ya kuondolewa. Aliisoma polepole, akaikunja, kisha akauliza kama mimi nilikunywa ile nusu.

"Nilikunywa, mama."

"Mungu asifiwe," akasema, akajitwika vitenge vyake na kuondoka.

Ile nusu nilikuwa nimeimwaga kwenye pipa la taka za dawa, kama utaratibu ulivyotaka. Niliketi nikingoja kuona aibu, sikuiona, nikaita mgonjwa anayefuata. Aibu ilikuja miaka kadhaa baadaye, nilipobadilishiwa vidonge, na tangu hapo haijaondoka.