Viatu vya Usaili

Harufu ya dawa ya viatu hunirudisha mbali. Leo asubuhi nilikuwa nasugua viatu vya binti yangu, mara nikajikuta nipo tena kwetu, karibu na mgodi wa Nyamongo, nina miaka tisa, na mama ameinamia visigino vyangu na jiwe la kusugulia.

"Mtaka cha mvunguni sharti ainame," alisema, akasugua mpaka nikalia. Tulikuwa tunajiandaa kwenda Mwanza kwenye usaili wa ile shule. Mnaijua aina yake: nyasi zinakatwa kwa mashine, na watoto wa wakubwa wa mgodini wanaosoma huko hurudi likizo wakiongea Kiingereza cha puani hata na mbuzi. Mama aliitaka shule ile kuliko kitu chochote. Yeye alitolewa shuleni akiwa darasa la sita, akaolewa na bibi.

Ndiyo, na bibi. Kwetu Wakurya, mwanamke asiye na mtoto wa kiume anaweza kutoa ng'ombe akaoa msichana wa kumzalia. Nyumba hiyo tunaiita nyumba ntobhu. Mwanaume aliyenizaa sikumjua, wala hakuna aliyemtaja. Nilikuwa mtoto wa ng'ombe wa bibi, basi, na kijijini hakuna aliyeliona jambo hilo la ajabu.

Njia nzima mama alitusihi: wakiuliza baba, tuseme amefariki. Bibi aliguna tu. Ndiye aliyeuza fahali wake ili twende, na mapajani alipakata kikapu chenye jogoo hai, maana kwa mkubwa huendi mikono mitupu.

Hesabu nilizipata. Nikasoma Kiingereza mpaka mwalimu mkuu akatabasamu. Kisha akawageukia mama na bibi, kwani shule ile iliwasaili na wazazi pia.

"Na baba wa mtoto yuko wapi?"

Mama akafungua mdomo, lakini bibi akamtangulia. Alisimama, akakaza kitenge chake, uso umejaa fahari.

"Hajafa mtu, mwalimu. Ng'ombe nilitoa mimi. Huyu nimemuoa mimi. Baba ndiyo mimi."

Jogoo naye akawika humo kikapuni. Nikacheka peke yangu. Mwalimu mkuu, mtu wa mkoa mwingine, alimtazama mama, akamtazama bibi, akakitazama kikapu.

"Hapa kwetu wazazi huwa wanakuja baba na mama," alisema taratibu. "Tutawapigia simu."

Tulipofika getini mama alimwambia bibi kwa sauti ndogo, "Mama, leo umenioa mara ya pili." Nikadhani ni utani, nikauliza kama patapikwa pilau.

Simu haikuja. Mama alitembea na simu kifuani hadi kisimani, hadi shambani, na ikiita alikuwa anaacha jembe lilipo. Ikawa ni shangazi, au mtu aliyekosea namba. Viatu vyangu vyeusi vya usaili vikawekwa juu ya kabati mpaka miguu ikavizidi. Bibi alikuja kufa miaka mingi baadaye bila kujua alikosea wapi. Alikuwa amesema kweli, na alinipenda sana. Hilo ndilo linaloniuma, kwa sababu mtu aliyekupenda huwezi hata kumchukia sawasawa.

Maneno ya getini niliyaelewa nilipofikia umri ule aliotolewa mama darasani. Mchana mmoja ng'ombe wageni waliingia zizini kwetu, na walikuja kwa ajili yangu. Bibi akapiga vigelegele. Ndipo nilipojua kwamba mama hakunipeleka Mwanza kutafuta Kiingereza. Alinitafutia mahali ambapo ng'ombe hawafiki.

Mama alivishusha vile viatu kutoka juu ya kabati, akakaa mlangoni na kopo la dawa, akaanza kuvisugua. Alivisugua mpaka ng'ombe wa mwisho akaingia, viatu ambavyo havikumtosha tena mtu yeyote mle ndani.