Fomu ya Watu Wawili, Saini ya Mmoja

Saa kumi na mbili kasoro robo asubuhi, mwanamke wa miaka sitini na saba ananusa shuka. Analishika kwa ncha mbili, analisogeza puani, anafumba macho kidogo, kisha analitupa kwenye beseni la kushoto.

"Hili bado lina jasho la mtu," anasema. "Limefuliwa na mvivu."

Mvivu anayesemwa yuko hatua tatu kutoka pale, ameinama, anachochea moto chini ya pipa la maji. Ni mume wake, mwenye miaka sabini na mmoja.

"Nimesikia," anasema bila kugeuka.

"Nilitaka usikie."

Beseni la kulia ni la mashuka yaliyofaulu. La kushoto ni la yale yanayorudi kwenye maji ya moto. Asubuhi hii yamerudi matano kati ya arobaini na manne, na kwa hesabu za mwanamke huyu, hayo ni mengi.

Nyumba wanayoitunza ni mali ya kanisa. Iko nyuma ya hospitali ya misheni, ng'ambo ya ukuta wenye mlango mdogo wa chuma. Wanaolala humu si wagonjwa, ni ndugu zao: mama aliyeleta mtoto kufanyiwa upasuaji, mume anayesubiri mkewe atoke chumba cha mahututi, kaka aliyesafiri siku nzima kuja kutoa damu. Kabla nyumba haijafunguliwa, watu hao walilala kwenye baraza la hospitali, juu ya maboksi yaliyokunjuliwa.

Ina vitanda ishirini na viwili. Kumi na viwili viko upande wa wanawake, kumi upande wa wanaume. Mwanamume havuki kwenda upande wa wanawake, hata akiwa mtunzaji. Kwa sababu hiyo kanisa hutuma mume na mke waliostaafu, wakae miezi kumi na minane. Hawalipwi mshahara. Wanapewa chumba, chakula na sabuni.

Wageni wanamwita mke Mama Shuka. Mume wanamwita Babu Stoo.

Majina hayo hayakuja hivi hivi. Mama Shuka alifanya kazi miaka ishirini na sita kwenye chumba cha kufulia cha hospitali kubwa, na hadi leo mikono yake haina nywele wala alama za vidole zinazosomeka. Anazo imani chache anazozisimamia kwa ukali. Ya kwanza ni kwamba hakuna mtu atakayelala kwenye shuka lililolaliwa na mwingine.

"Mgonjwa ana daktari, ana nesi, ana dripu," anasema. "Ndugu yake ana nini? Ana benchi. Basi angalau usiku apate shuka linalonukia jua."

Mumewe alikuwa mtunza ghala wa kiwanda cha rangi kwa miaka thelathini na mmoja. Yeye anatunza upande wa wanaume, lakini kazi anayoipenda iko kwenye geti, anapopokea mitungi ya gesi, sabuni na magodoro. Anahesabu, anasoma, anahesabu tena, ndipo anasaini. Mwaka jana alilirudisha gari zima la sabuni kwa sababu karatasi ilisema katoni ishirini na tano naye aliziona ishirini na nne.

"Babu, si katoni moja tu jamani?" dereva alimlalamikia.

"Na mimi ninachokunyima si saini moja tu? Geuza gari."

Kisa hicho wageni hukisimulia mpaka leo. Mkewe pia hukisimulia, ila siku hizi ana sababu nyingine ya kukikumbuka.

Muda wao unamalizika mwishoni mwa mwezi huu. Wiki ya pili ya mwezi ujao, binti yao wa mwisho anatarajiwa kujifungua. Kutoka hapa hadi kwake ni safari ya basi ya siku mbili. Binti huyo ameolewa miaka tisa, na mimba tatu zimemtoka. Hii ya nne ndiyo pekee iliyofika mwezi wa nane.

"Zile tatu zote alizipoteza mimi nikiwa mbali," anasema Mama Shuka. "Ya kwanza nilikuwa zamu. Ya pili nilikuwa zamu. Ya tatu nilikuwa hapa, nimeshika shuka la mtu nisiyemjua. Safari hii nilimwambia, mwanangu, nitakuwepo. Sikusema Mungu akipenda nitajaribu. Nilisema nitakuwepo."

Jumapili ya wiki iliyopita aliketi kanisani safu ya tatu, kama kawaida, akifikiria mizigo. Baada ya mahubiri, mchungaji alisoma matangazo. La nne lilimhusu. Wazee wetu wa nyumba ya wageni, alisema mchungaji, wamekubali kutuongezea mwaka mmoja.

Kanisa zima likapiga makofi. Mtu nyuma yake akapiga vigelegele.

"Nilisimama," anasema. "Ningefanyaje? Watu wote wamenigeukia. Nikapunga mkono kama mgombea ubunge."

Alipoketi alimtazama mumewe. Mumewe alikuwa anatazama kitabu cha nyimbo, na kitabu kilikuwa kimefungwa.

Walipofika chumbani, Babu Stoo alijieleza. Mratibu wa nyumba, kijana wa umri wa mtoto wao wa kwanza, alikuwa amemwachia fomu pamoja na karatasi za mizigo ya wiki. Mume na mke waliopangwa kuwapokea walikuwa wamekataa, hivyo mratibu aliwaomba wasome, waongee, kisha wamjibu. Fomu hiyo, ya watu wawili kwa miezi kumi na miwili, ikachanganyika na karatasi za magodoro.

"Niliona mbili," alimwambia mkewe. "Nikaona kumi na mbili. Nikajua ni magodoro."

"Magodoro kumi na mawili."

"Ndiyo, Mama."

"Haya."

Kwa siku tatu zilizofuata alizungumza na mumewe mambo ya sabuni, kuni na maji tu. Alimpakulia chakula na kumwekea maji ya kuoga. Anayewajua wanandoa waliokaa pamoja miaka arobaini na minne anaelewa kwamba huo ulikuwa ugomvi mkubwa.

Jumatano alasiri walikuwa wanakunja mashuka yaliyokauka. Kazi hiyo haifanywi na mtu mmoja. Kila mmoja anashika ncha mbili, wanalivuta mpaka linyooke, wanalikunja kwa urefu, kisha wanaendeana mpaka mikono ikutane. Walipokutana kwenye shuka la kwanza, mke hakuachia ncha.

"Baba, nikuulize kitu."

"Uliza."

"Yule aliyerudisha gari zima kwa sababu ya katoni moja ya sabuni, unamfahamu?"

Babu Stoo alitazama ncha za shuka mikononi mwao.

"Maana huyo mtu mimi nimeishi naye miaka arobaini na minne. Risiti ya kiberiti anaisoma mbele na nyuma. Sasa niambie, ni nani huyu mwingine aliyenisainia mwaka mzima akidhani mimi ni godoro?"

Wageni wawili waliokuwa wanaanua nguo zao waliondoka taratibu, nguo mikononi, zikiwa bado mbichi.

"Niliisoma," akasema mume.

"Yote?"

"Mara mbili."

Akaeleza, na maelezo yake hayakuwa marefu. Nyumbani, alisema, yeye ni mtu wa kiti. Anatoka na kiti asubuhi, anakifuata kivuli mpaka jioni, anarudi nacho ndani. Wajukuu wanapita, wanamwamkia na kuendelea na safari zao. Hapa akichelewa getini dakika tano, mtu anauliza Babu Stoo yuko wapi.

"Nilijua nikikuuliza utasema hapana," alimaliza.

"Ndiyo maana mtu huulizwa."

Wakakunja mashuka yaliyobaki. Yalikuwa thelathini na tisa.

Jioni hiyo simu iliita. Habari ya makofi ya kanisani ilikuwa imesafiri siku mbili za barabara kwa dakika chache, kama habari za kanisa zinavyosafiri.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Tumbo linasemaje?"

"Linacheza. Mama, nimesikia mmeongezewa mwaka. Kama kazi ya Mungu imewashika, mimi nitaelewa."

Mama Shuka anasimulia hayo huku akipapasa pindo la shuka kama mtu anayetafuta uzi uliofumuka. "Huyu mtoto akisema ataelewa, jua haelewi," anasema. "Tangu akiwa mdogo. Ukimwambia viatu hatununui mwaka huu, anasema nitaelewa, kisha hali siku mbili."

Hakumjibu binti yake moja kwa moja. Aliomba amalize kazi kwanza, ampigie kesho.

Asubuhi, kabla ya chai, mumewe hakuonekana kwenye moto. Alikuwa amekwenda ofisini kwa mratibu, peke yake, amevaa koti. Mratibu anasema mzee alikataa kuketi.

"Aliniambia, 'Kijana, nimekuletea karatasi ya uongo.' Nikashtuka. Nilidhani kuna mzigo umepotea," anasema mratibu. "Kisha akaniambia amemsainia mama bila idhini yake. Mtu wa rika la baba yangu. Sikujua nitazame wapi."

Fomu ilifutwa. Hata hivyo mratibu hakuficha ukweli: mwanamke akiondoka bila wa kumpokea, upande wa wanawake utafungwa. Wiki hiyo vitanda vyote kumi na viwili vilikuwa na watu, wakiwemo mama wa mtoto aliyeungua na bibi mmoja ambaye mjukuu wake hajaamka tangu apasuliwe kichwa.

Mama Shuka alipoambiwa hayo, aliomba nusu saa. Alipita kitanda hadi kitanda, akachomeka pembe za mashuka ambazo tayari zilikuwa zimechomekwa. Kisha akampigia binti yake.

"Nakuja," alimwambia. "Fua nepi."

Anakiri kwamba hakulala vizuri. "Wale kumi na wawili nao ni watoto wa watu," anasema. "Lakini hapa, akitokea mtu wa kutandika kitanda, kitatandikwa. Kule mama ni mmoja tu, hata wakiitisha mkutano."

Aliyekuja na dawa ni Babu Stoo, na dawa yenyewe ilikuwa chungu kidogo. Ana dada yake, mjane wa miaka sitini na nne, ambaye kwa mkewe ni wifi. Wifi huyu alikuwa ametangaza siku walipoondoka nyumbani kwamba kaka yake amepelekwa na mwanamke kwenda kuwa dobi. Alhamisi hiyo kaka alimpigia simu na kumsihi. Jumapili alasiri wifi akashuka kwenye basi, amekunja uso, begi moja mkononi.

Leo, Jumanne, ni siku yake ya pili ya mafunzo.

"Wifi, hilo shuka au umefunga mzigo wa kuni?" Mama Shuka anauliza, amesimama mlangoni mwa upande wa wanawake, mikono kiunoni.

"Nimekunja."

"Umelinyonga. Fungua, anza upya."

"Kaka yangu alinyanyaswa hivi miaka arobaini na minne?"

"Kaka yako alikuja hajui kukunja hata soksi. Mshukuru Mungu nilimpokea."

"Tulikupa mwanamume mzima, wewe ukamfanya mchochea kuni."

Mama wa mtoto aliyeungua anacheka kutoka kitandani kwake. Kwa kauli ya wageni wengine, hajacheka tangu afike. Wifi anafungua shuka, analikung'uta, anaanza tena. Safari hii pembe zinakutana. Mama Shuka analitazama, anampa jingine.

Saa tisa alasiri mratibu anapita kwenye mlango wa chuma na fomu mpya. Mama Shuka anafuta mikono, anavaa miwani na kuisoma akiwa amesimama. Anaisoma polepole, kidole kikifuata mstari. Anarudi juu, anaisoma tena. Anaomba sentensi moja iongezwe, na mratibu anaiandika kwa mkono. Ndipo anaweka saini yake: herufi kubwa za mtu ambaye maisha yake yote hakutakiwa kusaini mara nyingi.

Mumewe ananyoosha mkono apewe kalamu.

"Soma kwanza," anamwambia.

"Nimeshaiona."

"Soma kwa sauti. Wifi naye asikie."

Babu Stoo anakohoa kidogo. Anasoma kwamba mke anaondoka Alhamisi kwa likizo ya miezi mitatu. Anasoma kwamba mume anabaki, na dada wa mume anashika upande wa wanawake kwa muda huo. Anafika mwisho wa maandishi ya mashine na kuishusha karatasi.

"Hapo chini je?" anauliza mkewe. "Palipoandikwa kwa mkono."

Anaisogeza karatasi karibu na macho. "Mtoto akikaza shingo," anasoma, "mke atatoa jibu lake kama anarudi au harudi. Mume atasubiri kuambiwa."

Wifi anaziba mdomo kwa upindo wa shuka. Mratibu anatazama ukuta.

Babu Stoo anaisoma ile sentensi mara ya pili, kimya, midomo ikitembea. Kisha anasaini.

"Na utarudi?" anamuuliza mkewe.

"Umeanza kuuliza," anasema Mama Shuka, na kuinama kuchukua beseni. "Hilo nimelipenda. Niulize tena baada ya miezi mitatu."