Vidole vya Delmus

Kwenye lebo ya wiski yetu wamechorwa ndugu wawili wakipeana mikono. Uongo mtupu! Aliyeiokoa wiski ile ni bibi yangu Ottie, tena kwa shoka.

Ladha yote ya wiski ya kina Satterly imo kwenye hamira. Kila walipopika, walibakiza kidogo kwa ajili ya upishi unaofuata, wakaining'iniza kisimani ndani ya mtungi isiharibiwe na joto la Kentucky. Babu Hobart alipokataa kuwauzia kiwanda matajiri wa Louisville, mdogo wake Delmus aliamua kuwapelekea hamira yenyewe.

Babu alimfuma akivuta kamba ya mtungi. Delmus akampasua kichwa kwa nyundo ya mapipa. Bibi alitoka jikoni mbio, akamruka mumewe aliyelala akivuja damu, akaenda moja kwa moja kisimani.

"Achia kamba, shemeji!"

"Kamtazame mumeo kwanza, anakufa!"

"Atangoja. Achia!"

Hakuachia. Shoka la kuni likashuka ukingoni mwa kisima, na vidole vinne vya mkono wa kulia vikatumbukia majini. Bibi akaidaka kamba, akaifunga vizuri, ndipo akamgeukia Babu.

Babu alizinduka kesho yake. Hakuuliza habari za ndugu yake. "Hamira je?"

"Imo kisimani," Bibi akajibu, "pamoja na vidole vya Delmus."

Siku hizi wageni huitazama lebo wakasema, "Kweli, udugu ni kufaana." Mimi huutazama mkono wa kulia wa Delmus pale kwenye lebo, na vidole vyake vyote vitano, nikasonya.